Kamera Ishuke Hadi Kwenye Kokoto

Maswali ya wasomaji kuhusu kupiga picha treni ndogo za bustanini

Mwezi huu safu yetu imepokea barua sita zinazogusa jambo moja, nalo ni namna ya kuzipiga picha treni ndogo zinazoendeshwa nje, juu ya udongo na mawe ya kweli, ili zionekane kama treni kubwa iliyonaswa na mtu aliyekuwa akiisubiri kando ya reli. Nimeanza na barua yenye swali la msingi, na jibu lake nimeliacha liwe refu kwa sababu yanayofuata yote yanaliegemea.

Ndugu Mhariri, mimi ni Mtanzania na ninafanya kazi ya uuguzi huku Nuremberg, Ujerumani. Jirani yangu, mzee mstaafu, amejenga bustanini kwake reli ndogo yenye stesheni, daraja la mawe na handaki, na siku za Jumamosi hunikaribisha kuitazama. Ujanani alikuwa na desturi ya kukaa kando ya njia za reli na kamera yake, akiandika namba za injini na saa zilizopita. Sasa magoti hayamruhusu kuinama, naye ameniomba nizipige treni zake picha zinazofanana na zile za ujana wake. Nimekwisha piga picha zaidi ya mia mbili, lakini kila ninayoifungua inaonyesha kitu cha kuchezea kilichowekwa kwenye majani. Ninakosea wapi? — Msomaji, Nuremberg

Ndugu yangu, umepiga picha ukiwa umesimama, na kosa hilo hulifanya karibu kila anayeanza.

Unaandika kutoka mji wenye haki ya kuuliza swali hili, maana kampuni ya Ernst Paul Lehmann ya hapo Nuremberg ndiyo iliyoleta sokoni, mwaka 1968, treni za LGB zilizotengenezwa makusudi zihimili mvua na jua, nazo zilichangia sana kueneza burudani hii Ulaya na Marekani. Treni hizo hupita juu ya reli zenye upana wa milimita 45, na nyingi kati yake hufuata uwiano wa 1 kwa 22.5, yaani mita 22.5 za treni halisi hugeuka kuwa mita moja bustanini. Mwulize mzee wako kama zake ni za uwiano huo. Kama ndivyo, ishike namba 22.5 kama fundi anavyoishika futi yake, kwa kuwa ndiyo itakayokuambia mahali pa kuweka kamera.

Macho ya mtu mzima aliyesimama yako karibu mita 1.6 kutoka ardhini. Ukisimama bustanini na kuinua kamera usoni, zidisha kimo hicho kwa 22.5 nawe utapata mita 36. Kwa treni ile, wewe ni mtu anayechungulia kutoka ghorofa ya kumi na mbili ya jengo lililosimama kando kabisa ya reli. Mtazamaji wa picha hana haja ya kujua hesabu hiyo. Jicho lake limezoea kuona mapaa ya treni mara chache sana na ubavu wa treni mara nyingi, kwa hiyo linapoonyeshwa paa huamua papo hapo kwamba kitu hiki ni kidogo. Sasa igeuze hesabu: gawanya mita 1.6 kwa 22.5, utapata sentimita 7. Hicho ndicho kimo cha macho ya mtu ambaye angeweza kuipanda treni ya mzee wako, na ndipo katikati ya lenzi panapotakiwa kuwa, ukipima kutoka kwenye ardhi iliyo kando ya kokoto.

Kwa simu jambo hili ni rahisi kuliko kwa kamera kubwa. Ipindue simu juu chini, upande wenye lenzi uwe karibu na udongo, na kimo utakipata bila kuchimba shimo. Mwenye kamera kubwa aiweke juu ya mfuko mdogo wa kitambaa uliojazwa maharagwe makavu au mchele, kwa kuwa mfuko hukaa vizuri juu ya mawe na kuishika kamera imara, ilhali stendi ya miguu mitatu mara nyingi haishuki kiasi hicho. Kama kioo cha kamera yako hakikunjuki kuelekea juu, itakubidi ulale kifudifudi. Lala. Mimi hutandika mkeka wa zamani, na hakuna siku niliyojuta.

Umbali nao uuhesabu hivyohivyo. Mtu anayepiga picha treni halisi husimama mita 20 au 30 kutoka kwenye reli, kwa ajili ya usalama wake na ili injini yote ienee kwenye picha. Mita 30 bustanini ni mita 1.3 hivi. Watu wengi husogeza simu hadi sentimita 20 kutoka kwenye injini, kisha hushangaa kuona pua ya injini imevimba na mabehewa yamenywea nyuma yake. Umbo hilo la picha huletwa na umbali uliosimama, wala si na lenzi, kwa hiyo rudi nyuma mpaka mahali ambapo mtu wa kipimo kile angesimama, ndipo uvute lenzi au ukate picha baadaye.

Kuna pia swali ambalo wapiga picha wengi hawajiulizi: mtu huyo mdogo anasimama juu ya nini? Ukiweka kamera sentimita 35 juu ya reli, picha itaonekana imepigwa kutoka mita 8 hivi, na hilo linakubalika kabisa ikiwa kwenye bustani ile kuna kilima, au daraja la waenda kwa miguu linalovuka reli, kwa sababu wapenzi wa treni hupenda sana kupanda mahali kama hapo. Pasipokuwa na kilima wala daraja, kimo hicho hakina mwenyewe, na picha itapwaya hata kama mtazamaji hataweza kusema kwa nini. Kwa hiyo kabla ya kupiga picha yoyote, tembeza macho bustanini utafute vituo halali: ukingo wa jukwaa la stesheni, njia inayokatiza reli, mteremko ulio juu ya mdomo wa handaki. Chagua kimoja, ukae hapo, umwombe mzee apitishe treni mara kadhaa. Aliyewahi kukaa kando ya reli anajua kwamba treni humfuata mtu alipo, na mtu hamkimbilii treni.

Mwombe pia akuonyeshe albamu yake ya zamani. Hakuna mwalimu bora kuliko hiyo. Nina hakika utaona kwamba picha nyingi zilipigwa jua likiwa nyuma ya bega la mpiga picha, injini ikija kwa mshazari ili uso wake na ubavu wake vyote vionekane, na mabehewa yakififia kwenye kona. Utaona vilevile nguzo ya ishara iliyokata behewa la tatu, majani marefu yaliyoziba gurudumu, na pengine bega la mtu mwingine aliyekuwa akipiga picha. Usiyasafishe hayo katika picha zako mpya. Kando ya reli halisi mtu hachagui kila kitu, na mtazamaji huiamini picha ambayo imebeba alama ya mahali ilipopigwa. Jani moja lililo karibu na lenzi, lisilo kwenye fokasi, hufanya kazi kubwa kuliko injini iliyong'arishwa.

Hata hivyo, jani hilo liwe dogo, kwa kuwa bustani imejaa vitu ambavyo havikupunguzwa kipimo. Jani la mti lenye urefu wa sentimita 10 ni jani la zaidi ya mita 2 kwa treni ile. Tone la umande lenye upana wa milimita 2 huwa kubwa kama ngumi ya mtoto, na sisimizi wa milimita 5 anayetembea juu ya taruma, yaani gogo linalobeba reli, anakuwa na urefu wa panya aliyekomaa. Pitia sehemu ya mbele ya picha kwa brashi laini, uokote majani makavu, upanguse umande kwenye mabehewa, na ukiweza mshauri mzee apande kando ya reli mimea ya kutambaa yenye majani madogo kama ya zaatari, maana kwa kamera iliyo chini hiyo huonekana kama kichaka kizima. Kokoto za reli halisi huwa na ukubwa wa kati ya milimita 30 na 60, hivyo za bustanini zinapendeza zikiwa za milimita 2 au 3. Kama alimwaga kubwa zaidi, huna haja ya kumvunja moyo. Piga picha pale ambapo majani yamezifunika.

Kwa upande mwingine, umepewa kitu ambacho mwenye treni za chumbani hakipati kwa fedha yoyote, nacho ni jua. Ukingo wa kivuli cha jua hulainika kadiri kitu kinachotoa kivuli kinavyokuwa mbali na ardhi, na kwa kuwa umbali huo kwenye treni ndogo umepungua kwa kipimo kilekile cha treni, kivuli cha behewa dogo kina ukali uleule wa kivuli cha behewa kubwa. Hakuna taa ya dukani inayofanya hivyo kwa urahisi. Na hapo ulipo, mwezi wa Desemba jua la adhuhuri halizidi nyuzi 19 hivi juu ya upeo, kwa hiyo siku ya baridi isiyo na mawingu inakupa mwanga wa pembeni kutwa nzima, unaoingia chini ya mabehewa na kuonyesha magurudumu.

Jambo moja ambalo jua halitakusaidia ni hewa. Treni halisi iliyo nusu kilomita mbele imefifia kidogo na kuelekea rangi ya samawati, kwa sababu kuna hewa nyingi kati yake na macho. Bustanini, behewa la mwisho liko mita mbili tu, nalo linaonekana safi kuliko inavyostahili. Asubuhi za ukungu za vuli hulitatua hilo. Mwambie mzee akupigie simu ukungu ukishuka, hata kama ni siku uliyotoka zamu ya usiku.

Ndugu Mhariri, ninatoka Mombasa, ninaishi Leicester, Uingereza, na nina kamera kubwa yenye lenzi nzuri. Nilikwisha kuishusha kamera hadi chini, lakini uso wa injini ukiwa kwenye fokasi, mabehewa yote yanapotea. Nilipofunga tundu la lenzi hadi f/22, picha nzima ikakosa ukali. Je, ninunue lenzi nyingine? — Msomaji, Leicester

Usinunue. Chukua lenzi ya milimita 50 kwenye f/8, ambayo watu wengi huitumia kando ya reli halisi: tundu lake, yaani 50 ukigawanya kwa 8, lina upana wa milimita 6 hivi. Ili treni ya uwiano wa 1 kwa 22.5 iwe na fokasi ileile kutoka mbele hadi nyuma, tundu nalo lingepaswa kugawanywa kwa 22.5, yaani libaki chini ya theluthi moja ya milimita. Hiyo ingekuwa karibu f/180, na lenzi ya kawaida haifiki huko. Hata ingefika, mwanga unaopenya tundu dogo namna hiyo husambaa na kulainisha picha yote, na ndicho ulichokiona kwenye f/22.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu ukungu ule wa mbele na nyuma, yaani sehemu zilizokosa fokasi, ndio unaolifundisha jicho kwamba linatazama kitu kidogo. Wako wapiga picha wanaotia ukungu wa namna hiyo, kwa makusudi, kwenye picha za miji halisi zilizopigwa kutoka juu, na mji mzima hugeuka kuwa kama wa kuchezea. Sisi tunaifanya safari hiyo kinyume, tukiuondoa ukungu kadiri inavyowezekana.

Njia ya kwanza ni kurudi nyuma kwa lenzi ileile na kukata picha baadaye; kamera yenye pikseli milioni 24 ikikatwa nusu kwa upana na nusu kwa urefu bado inakuachia milioni 6, ambazo zinatosha kwa ukurasa wa gazeti hili. Fanya hivyo kwenye f/11 au f/13, usizidi f/16. Njia ya pili itakushangaza: iache kamera kubwa begani, utoe simu. Lenzi ya simu ni fupi mno na tundu lake lina upana wa milimita chache tu, kwa hiyo treni yote hukaa kwenye fokasi bila wewe kufanya lolote. Nimewahi kuona picha za simu zikizipita za kamera ya bei mara kumi kwenye reli ndogo, na sababu ni hiyo.

Njia ya tatu ni ya treni iliyosimama. Kamera ikiwa haitikisiki kabisa, piga picha kumi au kumi na tano, ukianza kufokasi kwenye bafa ya mbele na kusogeza fokasi kidogo kidogo hadi behewa la mwisho, kisha programu ya kompyuta itachukua sehemu kali ya kila picha na kuziunganisha kuwa moja. Chagua siku isiyo na upepo, maana jani likihama kati ya picha ya tatu na ya nne litatokea mara mbili. Kwa treni inayotembea njia hii haifai. Hapo fokasi iwekwe kwenye namba ya injini, na mkia ukififia, uache ufifie.

Ndugu Mhariri, huku Wales nimejiunga na wenzangu wanaoendesha injini ndogo za mvuke wa kweli, zinazochemsha maji kwa gesi, kwa mfano wa treni nyembamba za machimbo ya mawe ya kuezekea. Je, nitumie kasi gani ya shata (muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga), na kwa nini video zangu zinaonekana kama treni inatetemeka? — Msomaji, Wales kaskazini

Uko nyumbani kwa treni hizo, kwa kuwa reli ya Ffestiniog ilifunguliwa mwaka 1836 kusafirisha mawe hayo kutoka milimani hadi bandari ya Porthmadog, juu ya njia yenye upana wa chini kidogo ya futi mbili. Injini za wenzako huenda ni za uwiano wa 1 kwa 19 kwenye reli za milimita 32, na kama ndivyo, kimo cha macho kwako ni sentimita 8 na nusu.

Kuhusu shata nina habari ya kufurahisha. Treni yako imepungua kasi mara 19, nawe umeisogelea mara 19, kwa hiyo inavuka mbele ya lenzi kwa mwendo uleule ambao treni halisi ingevuka. Shata ambayo ungetumia Porthmadog ndiyo ya kutumia bustanini: 1/500 ya sekunde ukitaka kila kitu kisimame, au 1/30 ukitaka kuifuata injini kwa kamera huku nyuma yake pakikokotwa kuwa mistari.

Lakini hesabu hiyo inakubali tu ikiwa dereva anaendesha kwa kasi ya haki. Treni nyembamba inayokwenda kilomita 30 kwa saa inapaswa, bustanini, kupita sentimita 44 tu kila sekunde. Mtu anayetembea kwa kawaida huenda mara tatu ya hapo, kwa hiyo ukiona rafiki yako anatembea sambamba na injini yake, ujue anaiendesha kwa karibu kilomita 90 kwa saa, mwendo ambao ungeiangusha treni yoyote ya machimbo kwenye kona ya kwanza. Pima mita moja kando ya reli, uweke vijiti viwili, uhesabu sekunde. Zikipungua mbili, mwombe apunguze.

Mtetemeko wa video unatokana na maumbile yenyewe, kwa sababu kitu kidogo huyumba haraka kuliko kikubwa, kama vile kamba fupi ya pembea inavyokwenda na kurudi upesi kuliko ndefu. Dawa inayosaidia ni kurekodi kwa picha nyingi kwa sekunde, kuendesha treni mara mbili ya kasi ya haki, kisha kuicheza video kwa nusu ya mwendo: treni itaonekana inakwenda sawasawa na kuyumba kwake kutakuwa kumetulia. Usizidishe mara mbili hiyo, injini isije ikaacha njia ikiwa na maji yanayochemka. Na mvuke wenyewe hutaka asubuhi ya baridi yenye unyevu, wakati unapotoka mweupe na kukawia hewani. Adhuhuri ya kiangazi huuyeyusha kabla haujafika kwenye paa la behewa la kwanza.

Shikamoo Mhariri. Ninaishi Nairobi na ninataka kujenga nyuma ya nyumba yetu sehemu ndogo ya reli ya zamani ya Afrika Mashariki, kisha niipige picha kama zile za enzi ya mvuke. Nianze na kipimo gani? Na jua letu la saa sita linaniharibia kila picha. — Msomaji, Nairobi

Marahaba. Una bahati ambayo wenzako wa Ulaya wengi hawana. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, ilikuwa na upana wa mita moja, sawa na ile ya kati ya Tanganyika iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Gawanya milimita 1,000 kwa 22.5 nawe utapata 44.4, ambayo ni karibu kabisa na milimita 45 za reli za bustanini. Kwa maneno mengine, reli inayouzwa Ujerumani kwa ajili ya treni za milima ya Uswisi ni reli yetu pia, kwa kipimo kilekile. Ukitaka treni ya SGR, ambayo reli yake halisi ni pana zaidi, juu ya reli hizohizo, uwiano unakuwa 1 kwa 32 na kimo cha macho kinashuka hadi sentimita 5.

Kabla hujanunua hata taruma moja, nenda kwenye Makumbusho ya Reli hapo Nairobi ukasimame mbele ya injini namba 5918, Mount Gelai. Ni moja ya injini 34 za daraja la 59 zilizotengenezwa Manchester na kampuni ya Beyer Peacock katika miaka ya 1955 na 1956, zenye uzito wa tani 252 na urefu wa karibu mita 32, zilizokuwa zikipandisha mizigo kutoka pwani hadi Nairobi. Ipige picha kwa kimo cha macho yako, kutoka kila upande unaoruhusiwa, na uandike hatua ulizosimama mbali nayo. Picha hizo zitakuwa kipimo chako: baadaye, ukiwa umelala nyuma ya nyumba, utalinganisha na kuona kama magurudumu yamefika mahali palepale kwenye picha. Nakutahadharisha tu kwamba injini hiyo kwa uwiano wa 1 kwa 22.5 ina urefu wa mita 1.4, na haitapita kwenye kona za seti ya kuanzia, ambazo nusu kipenyo chake ni sentimita 60. Anza na injini fupi na mabehewa ya mizigo.

Ama jua, hilo halina ujanja. Nairobi ikiwa karibu na Ikweta, adhuhuri kivuli huanguka chini ya behewa na kuyafanya magurudumu yote yawe giza, na bila magurudumu picha ya treni imekufa. Piga kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi jioni. Ukilazimika kupiga mchana, ngoja wingu, au tandaza shuka jeupe ardhini upande wa kamera, nje ya picha, lirudishe mwanga chini ya mabehewa. Udongo mwekundu wa hapo kwenu usiufunike kwa mchanga wa dukani. Upepete kwa chekeche la unga, umwage kando ya kokoto, na uache vumbi lake lipande kwenye ubavu wa mabehewa kama lilivyokuwa likipanda kwenye yale ya kweli.

Ndugu Mhariri, bustani ya rafiki yangu huku Marekani ina taa ndogo za stesheni na napenda kupiga picha za usiku, lakini flashi ya kamera inaharibu kila kitu. — Msomaji, Minnesota

Izime flashi hiyo kabisa. Mpiga picha Mmarekani O. Winston Link, kati ya mwaka 1955 na 1960, alizipiga picha usiku injini za mwisho za mvuke za reli ya Norfolk and Western akitumia balbu nyingi za flashi zilizounganishwa kwa waya na kuwaka kwa pamoja, na nguvu ya picha zake ilitokana na kuziweka balbu hizo mbali na kamera, ubavuni mwa reli. Wewe fanya vivyo hivyo kwa tochi mbili au tatu ndogo: moja nyuma ya jengo la stesheni, nyingine pembeni ya injini kwa kimo cha nguzo ya taa ya kipimo kile, zikiwa zimefunikwa kwa karatasi ya kuokea ili zilainike. Treni isimame, shata ifunguke sekunde 10 au zaidi, na taa za ndani ya mabehewa zitafanya kazi iliyobaki.

Ndugu Mhariri, mwanangu wa miaka tisa amepewa treni ya plastiki isiyo na mota. Tunaishi Dar es Salaam, hatuna bustani, tuna uwanja wa mchanga tu, na ameshaanza kuipiga picha kwa simu yangu. Je, haya yote yanamhusu? Hatujui hata kipimo cha treni yenyewe. — Mama wa msomaji, Dar es Salaam

Mama, yanamhusu kuliko wengine wote, na kipimo atakipata mwenyewe kwa rula. Mlango wa behewa halisi huwa na urefu wa karibu mita 2. Apime mlango wa behewa lake; ukiwa sentimita 4, treni yake ni ya uwiano wa 1 kwa 50, na macho ya abiria wake yako sentimita 3 na kidogo kutoka ardhini. Asawazishe mchanga kwa ubao, apange vijiti vya mifagio kuwa mataruma, na afunge uzi mwembamba chini ya injini ili wewe uivute polepole kutoka nje ya picha wakati yeye anasubiri kando. Simu aipindue juu chini, na kwa kuwa hapo lenzi itakuwa chini kidogo ya inavyotakiwa, aweke kisanduku kimoja cha kiberiti chini yake.